Wi-Fi Inapozimika Baada ya Kusasisha: Wakaaji wa Kisangani Wasikae Kimya

Kisangani, jimbo la Tshopo. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi katika mji huu zilianza maisha yao mahali pengine. Zilitumika miaka kadhaa katika ofisi na shule za Ulaya, zikauzwa kwa bei ya chini, zikafika hapa kama okazio. Leo ziko katika vibanda vya kuchapa na kufanya fotokopi vya Makiso, katika vituo vya afya, katika redio, kwenye meza za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na katika ofisi za mashirika yanayosaidia familia zilizokimbia makwao. Ni mashine za zamani, lakini ndizo ambazo mji unazo, na bado zinabeba kazi kubwa.

Baadhi ya mashine hizo zinatumia Linux, mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuunakili, kuuchunguza na kuubadilisha. Kuna sababu ya kufikiri kwamba watakaouhitaji wataongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za okazio haziwezi kupokea Windows 11. Mwenye mashine ya namna hiyo, asipotaka kulipia ulinzi wa ziada au kununua nyingine, amebaki na njia mbili: kuendelea bila ulinzi, au kuhamia Linux. Kwa mfuko wa mkaaji wa Kisangani, Linux ndiyo njia ya busara.

Lakini njia hiyo ina shimo moja ambalo mafundi wa mji wanalifahamu. Kompyuta inasasishwa usiku, asubuhi inawashwa, na alama ya Wi-Fi haipo tena. Mwenyewe anaambiwa kadi imekufa, anunue nyingine. Mara nyingi kadi haijafa. Kilichokosekana ni kiendeshi, au piloti kama wengine wanavyoiita kwa Kifaransa.

Kiendeshi ni kama mkalimani. Kadi ya Wi-Fi ina lugha yake, iliyowekwa na kiwanda kilichoitengeneza. Kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoamuru kila kifaa, kina lugha yake. Bila mkalimani kati yao, kadi nzima na kiini kizima vinakaa pamoja ndani ya mashine moja bila kuelewana. Tena kiini kinabadilika kila baada ya miezi miwili au mitatu, toleo jipya linapotoka. Mkalimani aliyejifunza lugha ya zamani, kama hakuna mtu wa kumfundisha upya, siku moja atashindwa kutafsiri.

Hapo ndipo jambo hili linapowahusu watu wa Tshopo. Kati ya mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, watunzaji wa kiini cha Linux waliondoa kundi zima la viendeshi vya zamani vya Wi-Fi. Pendekezo lililetwa na Arnd Bergmann, na kazi ikapitia mikononi mwa Kalle Valo, aliyekuwa akisimamia viendeshi vya Wi-Fi. Viliondoka viendeshi vya kadi za Orinoco, za Aironet, za Atmel na nyingine za kizazi hicho. Nyingi zilikuwa kadi bapa za PCMCIA zilizochomekwa ubavuni mwa kompyuta za mkononi za karibu mwaka 2000, zenye kasi ya megabiti 11 kwa sekunde, na nyingi zilijua ulinzi wa WEP peke yake, ulinzi ambao wataalamu walionyesha udhaifu wake tangu 2001.

Je, watunzaji hao walikosea? Hapana, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Kiendeshi kinachobaki ndani ya kiini kina gharama hata kama hakitumiki. Kila mara sehemu ya pamoja ya Wi-Fi inapobadilishwa, lazima mtu aguse pia viendeshi vya zamani, na kama hana kadi yenyewe mezani, hawezi kujua kama alichorekebisha kinafanya kazi au amekiharibu. Kadi iliyobaki na WEP peke yake ni mlango usio na kufuli. Aliye na kadi kama hiyo mjini Kisangani leo anafaa kuiweka kando bila majuto.

Kinachostahili kufikiriwa ni namna uamuzi wa aina hii unavyofanywa. Pendekezo linaandikwa, linatumwa mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma, kisha swali linaulizwa: kuna mtu bado anakitumia kifaa hiki? Akijitokeza mtu mmoja mwenye kifaa na aliye tayari kukijaribu, mara nyingi kiendeshi kinapewa muda zaidi. Asipojitokeza mtu, kinaondolewa. Hakuna anayehesabu kompyuta zilizo Mangobo au Kabondo. Hakuna anayejua kwamba kituo fulani cha afya ng'ambo ya mto, Lubunga, kinategemea kadi ya aina fulani. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika Linux, kifaa kisichosemewa kinahesabiwa kuwa hakipo.

Mfano wa kadi moja unaonyesha vizuri. Kuanzia mwaka 2007 mradi wa One Laptop per Child ulisambaza kompyuta ndogo za XO kwa watoto wa shule, zikiwa na Linux. Rwanda ilipokea zaidi ya laki mbili. Wi-Fi ya XO za kwanza ilitumia kiendeshi kinachoitwa libertas. Katika usafishaji ule wa 2023, sehemu ya libertas iliyohusu kadi za PCMCIA ilikatwa, lakini sehemu inayotumia njia ya USB, ile inayohusu XO, iliachwa. Kiendeshi kimoja, sehemu mbili, na hatima mbili. Vifaa vya XO vilijulikana duniani kote, vilikuwa na jina na watu wa kuvizungumzia. Mashine za okazio za Kisangani hazina jina wala msemaji.

Hata hivyo, madhara makubwa zaidi kwa mji huu hayatoki kwenye viendeshi vilivyoondolewa. Yanatoka kwenye viendeshi ambavyo havikuwahi kuingia ndani ya kiini. Kle ndogo za Wi-Fi zinazouzwa sokoni kwa bei nafuu mara nyingi zina chipu za Realtek. Kwa miaka mingi baadhi ya chipu hizo zilikuwa na kiendeshi kinachotolewa pembeni, ambacho fundi alilazimika kukishusha kutoka intaneti na kukitengeneza upya kila kiini kilipobadilika. Kompyuta nyingi za zamani zenye chipu za Broadcom zina tatizo kama hilo. Kiendeshi kilichofungwa cha kampuni, kinachojulikana kwa jina la wl, hakijapata toleo jipya kutoka kwa kampuni tangu 2015. Wanaojitolea ndio wanaokitia viraka ili kiendelee kukubalika na viini vipya. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kiendeshi hicho kina matundu ya usalama ambayo mtu aliye karibu anaweza kuyatumia.

Fikiria sasa fundi wa Tshopo mwenye kazi hiyo. Ili kurudisha Wi-Fi anahitaji intaneti, na intaneti ilikuwa inapita kwenye Wi-Fi iliyokufa. Umeme wa SNEL unakatika katikati ya kazi. Mega anazinunua kwa pesa yake. Si ajabu wengi wanaamua jambo moja: mashine ikishafanya kazi, usiisasishe kamwe. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ni hatari, na wanaobeba hatari hiyo mara nyingi hawana hata kompyuta.

Tangu Februari 2023, mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola yaliyoanzia Lubunga kwa ajili ya ardhi yamewafukuza maelfu ya watu kutoka vijiji vyao. Familia iliyokimbia huenda haina kompyuta, lakini mara nyingi jina lake liko ndani ya kompyuta ya mtu mwingine: jina la baba, idadi ya watoto, kijiji walikotoka, namba ya simu, mahali wanapolala sasa, na ugonjwa wa mama kama alipita kwenye kituo cha afya. Katika mgogoro ambapo jina la ukoo linatosha kumtambulisha mtu kuwa wa upande fulani, orodha kama hiyo si karatasi ya kawaida. Ikiangukia mikono mibaya, inaweza kumfuata mtu hadi mlangoni.

Na Wi-Fi isiyosasishwa ni njia mojawapo ya orodha kuvuja. Mwezi Oktoba 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji alitangaza udhaifu ulioitwa KRACK, uliogusa WPA2, ulinzi uliokuwa ukiaminika karibu kila mahali. Linux na simu za Android 6 zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya. Mwezi Mei 2021 mtafiti huyo huyo alitangaza kundi la udhaifu kumi na mbili kwa jina la FragAttacks, na baadhi yake ulikuwa umejificha ndani ya kanuni za Wi-Fi tangu 1997. Marekebisho yalitolewa. Ila marekebisho ya FragAttacks yalihitaji kiini kipya na viendeshi vilivyorekebishwa. Mashine iliyobaki na kiini cha 2019 haina marekebisho hayo, labda kama mfumo wake uliendelea kupokea viraka.

Ni lazima kusema ukweli wote. Mshambuliaji wa namna hii anatakiwa kuwa karibu, ndani ya umbali ambao mawimbi ya Wi-Fi yanafika. Tovuti nyingi za leo pia zinafunga mazungumzo kwa ufunguo wao wenyewe, na hilo linapunguza hatari. Lakini mafaili yanayopitishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya ofisi mara nyingi hayana ufunguo wa pili. Na katika mji ambamo watu wanaishi wamebanana, mshambuliaji hahitaji kwenda mbali ili awe karibu.

Kuna watakaosema kwamba hili ni jambo la watu walioshiba, kwamba aliyekimbia anahitaji hema, unga na dawa, na mambo ya viendeshi vya Linux yangoje. Historia ya jirani inajibu. Mwaka 2007, kaskazini mwa Uganda, wakati maelfu ya watu wa Acholi walikuwa bado kambini kwa sababu ya vita vya LRA, mradi wa BOSCO wa jimbo kuu la Kikatoliki la Gulu uliunganisha kambi kwa Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta zinazokula umeme kidogo wa jua. Watu waliokuwa wamefungiwa kambini waliweza kuandika, kupokea habari na kuzungumza na kambi nyingine. Hapa kwetu Kongo, katika kisiwa cha Idjwi kwenye ziwa Kivu, mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net ulijengwa ili wakaaji wapate mawasiliano ambayo kampuni hazikuwapelekea. Kwa mtu aliyetenganishwa na ndugu zake, habari ni msaada kama msaada mwingine, na inapita kwenye kifaa ambacho lazima kiwe na mkalimani anayefanya kazi.

Wengine watasema tatizo litaisha lenyewe, kwa kuwa simu zimeenea na Starlink ilipewa ruhusa ya kufanya kazi nchini mwezi Mei 2025. Starlink inaleta intaneti hadi kwenye nyumba au ofisi. Kutoka pale hadi kwenye kompyuta, njia inayotumika zaidi ni Wi-Fi ile ile. Dishi jipya juu ya paa haliponyi kadi isiyo na kiendeshi chini ya paa.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo mji unaweza kufanya bila kungoja Kinshasa.

La kwanza ni la mnunuzi. Kabla ya kulipa, aombe fundi aiwashe mashine kwa Linux kutoka kwenye kle ya USB, bila kusakinisha chochote, aone kama Wi-Fi inapatikana. Amri ya lspci inaonyesha chipu iliyo ndani, na lsusb inaonyesha ile iliyochomekwa nje. Kadi za Intel kwa kawaida zina kiendeshi ndani ya kiini. Kle zenye chipu ya Atheros AR9271, au za MediaTek zinazotumia kiendeshi cha mt76, zimekuwa ndani ya kiini kwa miaka mingi. Kuuliza jina la chipu, badala ya kuangalia jina lililoandikwa kwenye boksi, kunaokoa franga nyingi.

La pili ni la fundi. Wi-Fi ikipotea baada ya kusasisha, asikimbilie kuiita kadi maiti. Mifumo mingi ya Linux huhifadhi kiini cha zamani, na mtu anaweza kukichagua wakati mashine inawaka ili kazi iendelee siku hiyo. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB inaweza kuipa kompyuta intaneti bila Wi-Fi, na kwa njia hiyo kiendeshi kinatafutwa. Fundi mmoja akishusha masasisho mara moja na kuwapa wenzake kwenye diski, mega zinatumika mara moja badala ya mara ishirini. Na asisasishe kiini bila betri yenye chaji ya kutosha, kwani umeme ukikatika katikati, mashine inaweza kukataa kuwaka.

La tatu ni la wafadhili. Shirika linaloleta kompyuta thelathini za zamani kutoka Ulaya na kupiga picha mbele yake linapaswa kwanza kuhakikisha kwamba kila moja ina Wi-Fi yenye kiendeshi kinachotunzwa. Mashine ya biti 32, kwa mfano, haiwezi tena kusakinishiwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwa njia ya kawaida. Kuileta bila kusema hivyo ni kuwahamishia maskini gharama ya kutupa taka. Tena Kongo ina Kanuni ya Numeriki tangu tarehe 13 Machi 2023, na kanuni hiyo inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Anayeandikisha familia zilizokimbia kwenye mashine isiyopata ulinzi ana deni mbele ya sheria, na deni kubwa zaidi mbele ya familia hizo.

La nne, na ndilo kubwa kuliko yote, ni la kusema. Chuo Kikuu cha Kisangani na taasisi za juu zinazofundisha informatiki zina wanafunzi wanaotafuta kazi ya mwisho wa masomo. Kazi moja yenye maana ingekuwa kupita katika sekretarieti, shule na vituo vya afya, kuandika aina za chipu za Wi-Fi zinazotumika mjini, na kupeleka orodha hiyo, bila majina ya wenye mashine, kwa watunzaji wa Linux. Kiendeshi kikileta shida, watume ripoti. Mtunzaji akiomba mtu wa kujaribu rekebisho, wajibu. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, lakini sehemu kubwa ya kile mtunzaji anachotaka ni namba ya chipu, toleo la kiini na maneno ambayo mashine yenyewe inayatoa.

Sauti kama hizo zinasikika. Mwaka 2022 watu wa Debian walipiga kura kuhusu fimwea, zile programu ndogo ambazo kadi nyingi za Wi-Fi haziwaki bila hizo. Tokea Debian 12 ya Juni 2023, fimwea zimo ndani ya kisakinishi chenyewe, na shida iliyowasumbua watu miaka mingi ikapungua. Kle za Realtek RTL8812AU, zilizotesa mafundi kwa muda mrefu, zimepata kiendeshi ndani ya kiini, kwa sababu watu wa kujitolea hawakuchoka. Mwanzoni mwa 2025, Kalle Valo aliacha kazi ya kusimamia viendeshi vya Wi-Fi baada ya miaka mingi. Mikono inayoshika kazi hii ni michache kuliko watu wanavyodhani, na hakuna sheria inayosema lazima itoke Ulaya au Marekani.

Kisangani imezoea kuhesabiwa na wengine: wakati wa vita, wakati wa uchaguzi, wakati wa kugawa msaada. Katika jambo hili mji unaweza kujihesabu wenyewe. Kompyuta iliyo Lubunga, yenye majina ya watu waliokimbia usiku bila kitu, inastahili kuandikwa katika orodha ya mashine ambazo dunia inajua bado zinafanya kazi. Na wa kuiandika ni wakaaji wa hapa hapa.